Baraza Walilonijengea Nikiwa Mwanza

Siku niliyorudi nyumbani Bariadi kutoka hospitali ya Mwanza, mbwa wa nyumbani kwangu alinibwekea kama mwizi. Nilikuwa nimeshuka kwenye bajaji, binti yangu Limi amenishika mkono, mume wangu Mabula yuko nyuma na mabegi na ndoo. Huyo mbwa, mdogo bado, mwekundu, masikio makubwa kuliko kichwa, akatoka mbio uani, akasimama katikati ya njia na kugoma nisipite. Mabula aliona aibu hadi akaweka ndoo chini.

"Nyamaza wewe," akamwambia. "Huyu ndiye mwenye nyumba."

Limi akanong'ona kwamba anaitwa Tutafanyaje. Sikushangaa. Huku kwetu mtu akiwa na neno ambalo hataki kulisema kwa mdomo wake humpa mbwa, mbwa akaenda nalo mtaani. Jirani yetu mmoja aliwahi kufuga mbwa aliyeitwa Mnanionaje, na kila alipomwita jioni, mtaa mzima tulijua ni nani anayeulizwa. Kwa hiyo sikuuliza Tutafanyaje kapewa jina hilo na nani wala kwa sababu gani. Nilikuwa nimechoka, na macho yangu yalikuwa yameshahamia kwenye baraza.

Niliondoka nikiacha baraza jembamba lenye nafasi ya viti viwili na ngazi tatu mbovu, ambazo kila msimu nilikaribia kuvunjia mguu nikiwa na furushi la pamba kichwani. Sasa palikuwa na baraza pana kama la ofisi ya kata. Sakafu imepigwa niru nyekundu, bati jipya limesogezwa mbele likashikwa na nguzo za mbao, na mlango wa mbele haukuwa ule wa zamani. Ilikuwa milango miwili inayokutana katikati. Ngazi hazikuwepo. Badala yake kulikuwa na mteremko wa zege kutoka chini hadi mlangoni, umelainishwa vizuri. Pembeni ya mteremko kulikuwa na nyayo ndogo za mbwa, alizokanyaga kabla saruji haijakauka.

Dripu zilikuwa zimeniachia ganzi miguuni. Ndala ilikuwa inaweza kunivuka na mimi nikaendelea kutembea hadi mtu aniambie. Nilipouona mteremko ule nikalia palepale, mbele ya dereva wa bajaji, nikamwambia mume wangu, "Baba Limi, umeifikiria miguu yangu."

Alimfukuza mbwa, ingawa mbwa alikuwa ameshanyamaza.

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye baraza hilohilo. Kama na wewe umeambiwa una kansa ya titi, au umeambiwa mke wako anayo, sitakueleza habari za dawa. Hizo utaelezwa na wanaozijua. Nataka nikueleze habari za kurudi nyumbani, maana mimi hakuna aliyenieleza. Nilidhani ukitoka hospitali umemaliza.

Uvimbe niliuona wakati wa palizi ya pamba, nikajiambia ni jasho na kukunjamana kwa sidiria. Tulipoanza kuvuna nilikuwa kwenye meza ya upasuaji Mwanza, na titi la kushoto likabaki huko. Nilipopata nafuu kidogo nikaanza dozi za dripu. Barabara ya kurudi Bariadi niliiogopa kwa sababu ya kutapika, basi nikakaa kwa mdogo wangu Mwanza muda wote huo. Mabula alikuwa anakuja na kurudi, kwa kuwa ng'ombe hawaelewi habari za kansa.

Kwenye kliniki ile tulikuwa tunakaa kwenye mabenchi kwa kufuatana. Akiitwa mmoja, wote tunasogea nafasi moja, makalio yanateleza juu ya mbao iliyong'arishwa na vitenge vya watu. Nilizoea kukaa jirani na mama mmoja wa Mwandoya, mcheshi, ambaye hata siku ya dripu alikuja na michembe kwenye mfuko wa rambo. Vile viazi vikavu vilikuwa ndicho kitu pekee ambacho mdomo wangu haukukionja kama msumari. Alinifundisha kuvimung'unya polepole bila kutafuna. Dozi iliyofuata hakuja, na iliyofuata tena hakuja. Tulisogea nafasi yake kama kawaida, na hakuna aliyeuliza.

Nywele zilitoka, kucha zikawa nyeusi, nyusi nazo zikaondoka, na hapo ndipo nilipojua kwamba uso wa mtu unashikwa na nyusi. Kiangazi kilipokuwa kikali, baada ya dozi ya tatu, damu yangu ilishuka, nikashikwa na homa iliyonipeleka kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Siku hizo sizikumbuki. Nakumbuka nilipozinduka mdogo wangu alikuwa ananiosha miguu na kulia bila sauti, na mimi nikamuuliza kama mvua imeshanyesha Bariadi. Nilirudi kwenye dozi, nikamaliza. Ikafuata mionzi iliyonibabua kifua, hata upepo wa feni ukawa unaniuma. Nilipoachiwa niende nyumbani, watu walikuwa wanapalilia pamba tena. Mwaka ulikuwa umezunguka wote na mimi sikuugusa.

Nilichokitaka baada ya hapo kilikuwa kimoja tu. Nilitaka kuwa mtu mzima aliye hai katika nyumba yake, anayegombana na watu kuhusu chumvi. Sikukipata.

Nilikuta jikoni pana mpangilio mwingine. Mama mkwe wangu, Mayu Nkamba, alikuwa amehamia kwetu, na sufuria zilikuwa zimekaa anavyotaka yeye. Nikishika mwiko, anaupokea. Nikiinama kuokota kuni, Limi anakuja mbio. Mume wangu alikuwa amehamia kwenye chumba cha zamani cha Limi, akasema ni ili nipumzike. Alikuwa mpole mno. Katika ndoa yetu yote hatukuwahi kuongea kwa adabu namna ile. Asubuhi anasimama mlangoni ananisalimia kama mgeni, "Umeamkaje, Mama Limi," akishajibiwa anaondoka.

Mbwa peke yake ndiye hakuwa na habari na ugonjwa wangu. Baada ya siku chache za kuninusa aliamua kwamba mimi ni wa nyumbani, na kuanzia hapo sikuwa na amani. Aliiba ndala. Aling'ang'ania pindo la kitenge nikitembea. Nikikaa barazani ananirukia mapajani na miguu yake yenye matope, na kama akigusa kovu naona nyota mchana, lakini nilikuwa namsukuma kwa hasira ya kweli, na hasira ile ilikuwa na utamu wake. Alikuwa ananikosea kama unavyomkosea mtu mzima.

Barazani ndiko nilikokuwa nashinda. Wageni walikuja wengi, maana Msukuma hakubali kusikia umerudi, lazima akuone. Wengine walinitazama kifuani kwanza ndipo usoni. Kila mgeni nilimsimulia habari za baraza. Nilimwonyesha mteremko, nikampitisha mlangoni ajionee upana, nikamwambia kwamba mume wangu kanijengea kwa ajili ya miguu yangu, mwanamume gani mwingine angewaza hivyo. Mgeni anaitikia, "Eeh, kafanya vizuri," kisha anatazama sakafu. Nilidhani wananionea wivu. Nikazidisha.

Siku ya sala ya jumuiya ilipofika kwetu, niliomba ifanyike barazani ili watu wote wakae. Limi, aliyekuwa ameondoka kwenda kazini kwake Binza, Maswa, ambako ni fundi cherehani, alikuwa amerudi tena, na alikuwa ameniletea zawadi ya pekee. Alinishonea titi. Alipima lile lililobaki kwa mikono yake, akakata kitambaa laini cha rangi yangu, akajaza pamba ya shambani kwetu ambayo aliichambua mwenyewe, mbegu kwa mbegu. Nililivaa siku ile ndani ya sidiria, nikavaa na gauni la kanisani, nikajitazama kwenye kioo hadi Mayu Nkamba akaja kugonga. Ila kovu lilikuwa halijazoea. Katikati ya sala likaanza kuwasha, nikaingia chumbani, nikalitoa, nikaliweka kitandani, nikajifunga khanga begani na kurudi kukaa.

Sala ilipokwisha, mwenyekiti wa jumuiya akanipa nafasi ya kutoa shukrani. Nilisimama. Nilimshukuru Mungu, madaktari, mdogo wangu na wote walioniombea. Halafu nikamgeukia Mabula, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa karibu na nguzo, nikaanza tena habari ya baraza. Nikasema wengine wakiuguliwa wanakimbia, huyu wangu alichanganya zege. Sijamaliza, Tutafanyaje akatokea ndani, kapita katikati ya ile milango miwili na titi langu mdomoni.

Alilizungusha mbele ya watu wote. Alilipiga chini, akalikanyaga, akalivuta, kitambaa kikachanika na pamba ikatoka ikatapakaa kwenye niru nyekundu. Hakuna aliyesogea. Wanaume waliangalia bati. Mama Sitta, jirani yangu, aliziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Niliona uso wa Limi unavyoanza kukunjamana, nikajua tukikaa kimya pale mwanangu atalia, basi nikasema, "Jamani, msimu huu mbwa wetu anavuna peke yake."

Wakacheka. Walicheka kwa muda mrefu, hadi wengine wakafuta machozi, na mimi nikacheka nikiwa nimeshika kovu. Nadhani kicheko kile ndicho kilichofungua mambo. Watu walikuwa wanakuja nyumbani kwangu wiki baada ya wiki wakiwa wamejifunga, na sasa wakalegea. Mayu Nkamba alilegea kuliko wote. Alikuwa anaokota pamba sakafuni, akaniambia kwa upole, kwa sauti yake ya kawaida ambayo kwa sababu ya masikio yake ni kubwa:

"Ng'wana wane, mwanangu, na hili la miguu uliache sasa. Siyo miguu. Mabula alijenga ili ukiletwa upite vizuri. Ule mlango tuliupima kwa kamba na fundi, upande mmoja nilishika mimi."

Wageni walikunywa chai iliyobaki bila kuipuliza, wakaaga. Mama Sitta alinishika mkono akasema, "Usiwaze sana, dada," akaondoka bila kumalizia michembe kwenye sahani. Limi akamwingiza bibi yake ndani. Nikabaki barazani na Mabula, na mbwa amelala katikati yetu na uzi mdomoni.

"Kweli?" nikamuuliza.

"Kweli."

Akanieleza akiwa anatazama nguzo. Ile siku damu yangu iliposhuka yeye alikuwa Bariadi. Daktari alimpigia simu, akamwambia hali siyo nzuri, ndugu wajiandae. Mabula akaja Mwanza, akaniona nimefungwa mipira, sikumtambua. Daktari akamwita pembeni akarudia maneno yaleyale. Akapanda basi kurudi nyumbani, maana kule haruhusiwi hata kukaa karibu na kitanda.

"Nikakaa hapa peke yangu," alisema. "Ng'ombe nikawaacha kwa ndugu. Nikawa nauangalia mlango. Unamkumbuka mzee?"

Nilimkumbuka. Baba yake alipofariki alitolewa katika nyumba hii hii. Korido yetu ina kona, na mlango ulikuwa mwembamba. Jeneza lilikataa kukunja. Vijana walilirudisha, wakalijaribu tena, mwishowe wakalisimamisha wima ili lipite, na sisi tuliokuwa barazani tukasikia mwili ukishuka ndani. Kwenye ngazi mmoja aliteleza. Mabula alikuwa ameshika upande wa kichwa. Hatukuwahi kuliongelea tena jambo hilo.

"Nikasema wewe hutapita hivyo. Nikabomoa kona, nikamwita fundi. Wanawake watakaokuja kulala msibani nao wapate pa kulala, wasinyeshewe. Nilichanganya zege mwenyewe, Mama Limi. Sikuwa na kazi nyingine ya kukufanyia."

"Na mbwa?"

"Alikuja siku hizohizo. Mama Sitta alinipa, aliona nimekaa tu. Akaniuliza nitamwita nani, nikamjibu tutafanyaje."

Unaweza kusema, huyu mama alikuwa na bahati ya kupendwa, analia nini. Hata mimi nilijiambia hivyo. Lakini nilikuwa nimeshalikalia baraza lile kwa furaha, nimelisifia mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba namsifia mtu aliyenijengea njia ya jeneza. Nilijiona kama marehemu anayewakaribisha watu chai kwenye matanga yake. Nilimwambia Mabula, "Ulishanizika," nikaingia ndani.

Kuanzia kesho yake sikukanyaga baraza. Nilitokea mlango wa uani, kwenye mawe na mashimo, na miguu yangu isiyojua ardhi. Nilianguka mara moja karibu na zizi, nikakaa chini pale pale kwa muda, sioni sababu ya kunyanyuka. Mbwa alidhani ni mchezo. Alinizunguka, akanilamba masikio, akalala chali pembeni yangu akisubiri nimkune tumbo. Nilimkuna kwa sababu mkono ulikuwa hauna jambo jingine la kufanya. Nililia kwa ajili ya yule mama wa Mwandoya, ambaye nilikuwa sijamlilia. Nililia kwa ajili ya titi. Nililia kwa kuwa nilikuwa naona wazi kwamba nyumba yangu ilishajifunza kuishi bila mimi, na kwamba kurudi kwangu kumewaharibia watu mpango.

Mayu Nkamba alikuja kunitoa. Hakuniomba msamaha, sidhani kama aliona kosa. Alijikalisha kwenye jiwe kwa taabu, akaniuliza, "Umenikasirikia?"

"Nimekasirika, mayu."

"Mimi shuka langu la kuzikiwa liko kwenye sanduku tangu Mabula hajaoa. Kila kiangazi nalianika. Unaniona nimekufa?"

"Wewe ulijinunulia mwenyewe," nikamjibu. "Mimi mlininunulia bila kuniambia."

Alifikiri. Bibi yule ana tabia ya kufikiri kweli mtu akimwambia neno. Akasema, "Hapo sawa," akaninyooshea mkono ili mimi nimsaidie yeye kunyanyuka. Tulinyanyukiana hivyo, wote tukiguna.

Neno lile lilitoka kwa hasira, lakini nilipokuwa nalisema ndipo nilipojua kinachoniuma. Halikuwa baraza. Nilikuwa nimekaribia kufa, na watu wote walilijua hilo isipokuwa mimi. Mabula alijua, mdogo wangu alijua, fundi alijua, jirani alijua hadi akatoa mbwa. Mimi nilikuwa nauliza habari za mvua. Kama ningeondoka siku zile ningeondoka kama mtoto anayebebwa kutoka kwenye sherehe akiwa usingizini. Ningependa kumwambia Limi jambo moja au mawili. Ningependa kumshika mkono mume wangu nikijua kwamba naaga.

Nilimwambia Mabula hayo mchana mmoja akiwa anakamua ng'ombe aliyezaa, maana akiwa na kazi mikononi husikiliza vizuri. Nilimwambia baraza nimelisamehe, kimya sijakisamehe.

"Ulitaka nikuambieje?" aliuliza. "Uko kwenye mipira, nikuambie unakufa?"

"Nilipozinduka. Ungeniambia ulichoambiwa."

"Ulikuwa umepona."

"Na bado ulihama chumba."

Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo. Baadaye akasema, bila kugeuka, kwamba alihama chumba kwa kuwa usiku alikuwa anasikiliza pumzi zangu, na pumzi ikikawia alikuwa anaanza kupanga nani apigiwe simu kwanza. Alisema hawezi kumwambia mke wake jambo kama hilo. Nikamwambia umeshaniambia. Siku hiyo nilirudi ndani kwa kupitia baraza, mguu wa kwanza kwa woga. Yeye akarudi chumbani kwetu wiki ileile. Anakoroma, na nilikuwa nimesahau.

Sitakudanganya kwamba yaliisha. Hadi leo kuna asubuhi nafungua milango ile miwili nikajikuta naupima upana wake kwa macho. Wageni wapya wakilisifia baraza nawaongezea chai. Limi alinishonea titi lingine, hili naliweka juu ya kabati, na Tutafanyaje ameota mabega, anakaa chini ya kabati akilitazama. Nilianza kupika tena. Chumvi naweka mimi, na Mayu Nkamba analalamika.

Ukiwa unauguza, na ukaitwa pembeni na daktari, najua utafanya kama Mabula. Karibu wote mnafanya hivyo. Mnaitwa, mnarudi na chai na maandazi, mnasema daktari kasema vizuri. Mnadhani mnatubebea mzigo. Sina la kukufundisha zaidi ya kukusimulia kilichotokea tulipokwenda kliniki ya kwanza baada ya mambo hayo.

Ilikuwa wakati wa kuvuna. Tulipanda basi la alfajiri, tukapita Lamadi, tukafika Mwanza jua likiwa limepanda. Nilipimwa damu, nikapakwa mafuta yale ya baridi tumboni wakaangalia kwenye skrini. Tukarudi kwenye benchi kusubiri, tukisogea nafasi moja moja. Nilikuwa nimejipa moyo. Nywele zilikuwa zimeota, laini kama za mtoto, na nilikuwa nimevaa titi langu la pamba.

Daktari alitoka mwenyewe, kijana mwenye heshima. Aliniamkia, akaniambia, "Mama, wewe pumzika hapa kidogo." Kisha akamwangalia mume wangu. "Baba, naomba tuongee mara moja ofisini."

Niliona mikono ya Mabula ikishika ukingo wa benchi. Ni mtu wa kuheshimu ofisi. Mwenyekiti wa kijiji akimwita husimama kabla hajamaliza kuitwa. Safari hii hakusimama. Alikohoa, akasema kwa sauti ndogo, hadi daktari akainama kumsikia, "Daktari, mwenyewe ni huyu hapa."

"Baba, ni mara moja tu."

"Nimesikia. Ila mwenyewe ni huyu. Sema naye, na mimi nisikie."

Benchi zima liligeuka. Daktari akatuambia tuingie wote wawili. Ofisini alinivutia kiti, akaongea akiniangalia mimi. Alisema wameona kivuli kwenye ini. Alisema inawezekana kisiwe kitu, inawezekana kikawa ugonjwa umerudi, itabidi kukiangalia kila baada ya miezi kadhaa na nisiache vidonge. Nilimuuliza maswali yangu. Alinijibu yote, mengine kwa kusema hajui. Naandika haya kivuli hicho kikiwa bado kipo. Hakijakua, na hakijaondoka.

Tulitoka. Nilifikiri mimi ndiye nitakayeanguka, lakini nilifika kwenye benchi nikakaa. Mabula ndiye aliyeshindwa. Alikaa, akainamisha kichwa, na mwanamume yule ambaye hakulia msibani kwa baba yake, hata kwenye korido ile, akalia mbele ya wanawake wageni waliokuwa wanasubiri namba zao. Walitupisha. Walisogea upande ule mwingine, wakabanana, ili sisi tupate nafasi.

Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nianze kuugua, maana mara zote nyingine kulikuwa na mtu aliyekuwa ananiogopea bila kuniambia. Sasa nilikuwa najua uzito wa maneno yale ya ofisini. Nikamuwaza akipanda basi peke yake kurudi Bariadi akiwa nayo, akifika nyumbani anauangalia mlango, hana wa kumwambia isipokuwa mbwa. Nilimvuta.

Aliegemea bega langu la kushoto, uzito wake wote. Mkono ule waliukata mitoki, zile tezi za kwapani, pamoja na titi, na nimekatazwa kuubebesha kitu chochote kizito. Nilimwacha aegemee.